Ambulensi ya kukodi inalala wapi? Majibu ya maswali yenu

Juni 30 ikikaribia huwa najua tu, mwaka wa fedha unaisha na simu inajaa maswali ya tenda. Safari hii ni ambulensi. Nimechagua yenye maana na moja au mbili zisizo na maana, wenyewe mtajijua.

*Kaunti yetu inalipa kampuni kila mwezi itupe ambulensi. Kwa hiyo pesa si tungenunua zetu? – Mwalimu mstaafu*

Mwalimu, hili nalijibu kila mwaka na kila mwaka linarudi. Gari ndo kitu rahisi kupata. Piga hesabu na mimi, wiki ina masaa 168, mtu akifanya kazi masaa 42 basi kiti kimoja kinataka watu 4 ndo kisibaki wazi usiku na Jumapili, na ambulensi ina viti viwili vya kazi, cha dereva na cha EMT (yule mhudumu wa dharura anayekaa na mgonjwa), hao ni watu 8 kwa gari moja na bado sijaweka wa kushikilia mtu akienda likizo. Kaunti inanunua Land Cruiser mpya, inawekwa namba ya CG ya magari ya kaunti, gavana anakata utepe, halafu wanaajiri dereva mmoja. Saa nne usiku huyo dereva yuko kwake amezima simu, na simlaumu, binadamu hulala. Miaka miwili hivi baadaye gari liko nyuma ya hospitali juu ya mawe, tairi zimeenda na kuku wanataga kwa machela.

Kwa hivyo kukodi sina shida nako. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka ambulensi kwa kazi za kaunti, iko kwa Jedwali la Nne, na kaunti zilipoanza 2013 kadhaa zilikodi kutoka E-Plus, ile kampuni ya Msalaba Mwekundu. Sio dhambi. Shida yangu ni mkataba unaotaja idadi ya magari, rangi ya magari, mpaka saizi ya nembo ya kaunti kwa mlango, na hausemi gari linalala wapi. Kampuni itapaki mjini kwenye lami, karibu na petrol station na chapati. Sasa mama amejifungua kwa dispensari kilomita 60 ndani, damu haikatiki, barabara ni mchanga, gari likijitahidi ni 40 kwa saa. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Damu ya namna hiyo inaweza kuua mtu kwa masaa mawili. Hata mlipe kampuni mara tatu ya hiyo bei, kama gari linalala mjini huyo mama amekwisha.

*Dereva wa ambulensi ameniambia nitoe elfu tatu ya mafuta ndio tuondoke. Ni sawa? – Muuza mitumba*

Hapana. Lipa mgonjwa afike, andika namba ya gari, saa, na namba ya simu uliyotumia hiyo M-Pesa, kesho yake peleka kwa afisa wa afya wa kaunti. Usibishane na dereva mgonjwa akiwa ndani.

*MCA wetu, mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, ameleta ambulensi yenye picha yake. Tumshukuru? – Kijana wa wodi*

Muulize EMT wake anaitwa nani. Akikosa jibu hiyo ni matatu ya kampeni.

*Tuko kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti. Kampuni ilipwe kwa mwezi au kwa kilomita? – Mheshimiwa fulani*

Mheshimiwa asante, nilikuwa nangoja mtu aulize hii. Ukilipa kwa mwezi peke yake, gari likikaa kampuni inaokoa mafuta na tairi, kwa hivyo litakaa, utasikia “liko kwa sevisi” kila Ijumaa. Ukilipa kwa kilomita peke yake, litakimbia hata pasipo na haja, mgonjwa atapitishwa hospitali ya karibu apelekwe ya mbali, na wenye malaria ya kawaida watapandishwa ambulensi kama harusi. Changanya, sehemu ya kusimama tayari na sehemu ya safari, halafu weka makato. Simu ilipigwa saa ngapi, tairi zikaanza kuzunguka saa ngapi, hizo dakika ziandikwe na zikizidi pesa ikatwe. Gari likiharibika mbadala uwe umefika ndani ya masaa 24 la sivyo siku hiyo hailipwi.

Na kitu hukuniuliza lakini nakwambia. Sheria ya bima ya afya ya 2023 iliunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu chini ya SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Angalieni safari moja isilipwe na kaunti na tena ikadaiwa SHA. Kama fomu za safari zinakaa kwa kampuni pekee hamtajua kamwe.

*Namba ya ambulensi ni gani?*

Kaunti gani? Hujaandika. Hili swali limekuja mara 14 wiki hii na hakuna hata mmoja ametaja kaunti. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, 999 na 112 ni polisi. Ya kaunti yako kaulize kwa dispensari LEO ukiwa mzima, uisave, uipige usikie kama kuna mtu anashika.

*Mimi ni nesi, nimewekwa kwa kamati ya kukagua magari ya kampuni. Tuangalie nini? – Nesi*

Spana, dada yangu.

Mwaka juzi nilimsindikiza shemeji, kapewa rufaa usiku, gari la kukodi, safi kabisa linanukia upya. Kupumua kumekuwa shida, EMT akavuta mtungi wa oksijeni, umejaa, na stika ya kujazwa iko hapo. Ile spana ndogo ya kufungulia valvu haiko. Tukatafuta chini ya kiti kwa tochi ya simu, kwa droo, kwa begi la mtoto, mwishowe dereva akasimama kando ya barabara akatoa plaizi kwa tulbox yake, valvu ikafunguka, tulikuwa tumetembea kilomita tisa. Shemeji yuko, anauza maziwa mpaka leo. Lakini hilo gari lilikuwa limekaguliwa na kupita, mtungi wa oksijeni, tiki. Kwa hivyo usitie tiki kwa kitu hujakiona kikifanya kazi. Fungua oksijeni uisikie. Washa mashine ya kufyonza makohozi. Mlaze mwenzako kwa machela muinue mumuingize. Na mwende bila kutoa taarifa, saa nane usiku, manake mchana wa ukaguzi kila kampuni ni malaika.

*EMT wa kampuni, miezi minne sijalipwa, kampuni inasema kaunti haijalipa.*

Pole sana. Inawezekana ni kweli, kaunti ni wadeni sugu, na inawezekana ni uongo. Kampuni isiyoweza kulipa mishahara miezi mitatu bila hundi ya kaunti haikufaa kupewa hiyo tenda, hapo mwenye makosa ni kamati ya tathmini.

*Mkataba uliisha Ijumaa, Jumamosi magari hayapo na ile namba ya dharura haiingii. Inaruhusiwa? – Mhudumu wa afya wa kijiji*

Inaruhusiwa kama mlisaini ujinga. Magari ni yao, wayachukue. Namba ya simu na rekodi za simu zilifaa ziwe za kaunti tangu siku ya kwanza. Kijiji kizima mmekikaririsha namba ya kampuni miaka mitatu, sasa mtaanza upya na mpya.

*Hospitali ya rufaa ilikataa mgonjwa, tukazunguka naye kwa ambulensi. – Mzee wa mtaa*

Kipengele cha 43 cha katiba kinasema hakuna kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini mpaka milioni 3 kwa hospitali inayoweza kutibu ikakataa. Hiyo sheria ilikuja baada ya 2015, yule jamaa aliyegongwa na gari akakaa masaa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda Nairobi, akafa. Anayeshika simu ya ambulensi anafaa kupiga hospitali kabla gari halijaondoka.

*Tanzania wanafanyaje? – Msomaji, Taveta*

Wana M-mama, ilianzia Sengerema na Shinyanga. Unapiga 115 bure, na kama ambulensi iko mbali wanaitwa madereva wa kijijini waliosajiliwa, mama akifika dereva analipwa kwa simu. Ni ya wajawazito na watoto wachanga. Dereva analala kijijini, si mjini.

*Nawezaje kuona mkataba wa kaunti? – Bodaboda*

Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika barua kwa katibu wa kaunti, wana siku 21, na habari ikihusu uhai wa mtu ni masaa 48, taja hiyo. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo, manake masjala watakwambia hawajawahi kukuona.