Mapaja yamekaza, kushuka ngazi ni kazi

SWALI: Habari dada, jumamosi nilirudi mazoezini baada ya kama miezi saba ya kukaa tu, nikapiga skwati mia na kitu maana nilijisikia freshi, siku hiyo wala sikuumia. Jana mapaja yakaanza kukaza na leo ndo balaa, ngazi nashuka nimeshika ukuta, kukaa chooni mpaka nijirushe. Jirani anasema ni asidi imeganda kwenye misuli eti nijipake pilipili. Vidonge sitaki, kuna dawa gani ya hapa hapa nyumbani?

JIBU: Pole mdogo wangu, hiyo ya kujirusha imenichekesha ila yalishanikuta na mimi. Jirani kakosea, asidi ya laktiki huisha kwenye misuli ndani ya saa moja au mbili, ingekuwa ndo yenyewe ungelia jumamosi ile ile. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa ukiwa unashuka kwenye skwati maana hapo msuli wa paja unavutika huku umebeba uzito, ndo maana hata ngazi inauma kushuka kuliko kupanda. Maumivu haya hukolea kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo kesho au keshokutwa yataanza kulegea yenyewe.

Kwa sasa kanda. Chovya taulo kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kamua, weka dakika 15 hadi 20, halafu jichue taratibu na mafuta yoyote uliyonayo, usikandamize kwa hasira. Chumvi ya Epsom, ile ya magnesiamu ya kutia kwenye maji, wengi wanaisifia, weka ukipenda, ila mi naona kazi inafanywa na joto la maji. Tangawizi nayo inasaidia kidogo lakini sio kikombe kimoja leo upone kesho, ni ya kutumia siku kadhaa mfululizo, na kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda muulize daktari kwanza. Pilipili kweli ina kitu cha kupunguza maumivu na hata krimu za dukani zinayo, ila kule imepimwa, hii ya kusaga mwenyewe itakubabua ngozi halafu ujisahau ushike jicho, utanikumbuka.

Usilale tu kitandani. Tembea mdogo mdogo dakika 10 au 20, mwanzo utachechemea kisha utashangaa panaachia.

Ila mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito au kola, au mguu mmoja tu umevimba na una joto, acha kukanda nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri.

Skwati utarudia maumivu yakiisha, anza na 20, na hata ukija kufika mia tena haitauma hivi maana misuli itakuwa imeshazoea.