Fundi, programu inasema "Imeshindikana"

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu kunasa pakiti za mtandao, yaani vifurushi vya data vinavyopita kwenye mtandao. Nimechukua manne.

Fundi, tcpdump (programu ya kunasa pakiti) kwenye Linux inaniambia sina ruhusa. Jamaa wa ofisini anasema nitumie root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, yaishe. Ni sawa? (Msomaji, Njiro)

Itakubali, ila usizoee. Ruhusa inayotakiwa hasa ni cap_net_raw tu, ile ya kusoma pakiti ghafi. Wireshark, programu nyingine ya kazi hii, wametenga kunasa kwenye kiprogramu kiitwacho dumpcap. Sehemu kubwa inayochambua pakiti inaendeshwa kwa ruhusa za kawaida. Pakiti imetungwa na mtu usiyemjua, kwa nini uichambue ukiwa root?

Shikamoo fundi. Nimeandika programu inayotumia libpcap (maktaba ya kunasa pakiti) ya kukagua mtandao wa hosteli. Ikigoma inaandika "Imeshindikana" tu, na mwenzangu ananipigia hadi usiku. (Msomaji, Pasua, Moshi)

Marahaba. Libpcap ilikwambia sababu, wewe ukaitupa. pcap_activate, inayoanzisha kunasa, hurudisha namba: 0 ni salama, chini ya 0 ni kosa. Kwa mfano -5 kifaa hakipo, -8 huna ruhusa, -9 kadi ya mtandao haijawashwa. (Kwenye msimbo andika majina yake, kama PCAP_ERROR_PERM_DENIED, usiandike namba tupu.) Juu ya 0 ni onyo tu, kunasa kunaendelea. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaandika "ikiwa si 0, funga", wanaizima programu iliyokuwa nzima.

Maelezo zaidi yachukue kwa pcap_geterr, tena kabla ya pcap_close. Ukishafunga, maandishi hayo hayana uhakika tena. Kisha taja ulikuwa unajaribu nini na wapi:

"Siwezi kunasa kwenye wlan1: hakuna kadi ya jina hilo. Zilizopo: eth0, wlan0."

Orodha ya kadi unaipata kwa pcap_findalldevs. Mwenzako akisoma hivyo atajirekebishia mwenyewe, nawe utalala.

Msimbo wangu wote uko kwenye faili moja, na kila nikigusa kitu kingine kinaharibika. Niugaweje? (Msomaji, Ngaramtoni)

Fungua msimbo wa tcpdump uone. Vichambuzi vya itifaki (kanuni za mawasiliano ya mtandao) vimekaa kwenye mafaili yanayoanza na print-, kama print-arp.c na print-tcp.c. Libpcap nayo imetenga mambo ya Linux kwenye pcap-linux.c, na ya mifumo ya BSD kwenye pcap-bpf.c. Ukifuata njia hiyo, zuia jambo moja: faili la ndani lisiite exit (inayozima programu nzima) wala kuchapisha kosa lenyewe. Lirudishe kosa pamoja na maelezo, aliyeliita ndiye aamue. Mimi nikikuta exit katikati ya kichambuzi cha DNS (itifaki ya majina ya tovuti), naanza kuandika upya hapohapo.

Ujumbe wa makosa niuandike kwa Kiswahili? (Msomaji, Kiboriloni)

Andika, watumiaji wako ni Waswahili. Ila maneno ya mfumo wenyewe yaache mwishoni kama yalivyo, maana ndiyo watakayoyatafuta Google.