Safari ndefu na mtoto mdogo: mpe kazi, si vichezeo

Kila nikisema nasafiri na mtoto, swali la kwanza huwa: umembebea vichezeo gani? Vichache sana, na vile vinavyopiga kelele na kuwaka taa sivibebi kabisa. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu hapendi kuburudishwa kama tunavyodhani. Anapenda kushughulika. Ukimpa gari la plastiki la bei mbaya ataliacha akimbilie mkanda wa kiti, kwa sababu mkanda unafunguka na kufungwa. Basi mpe kazi ya kufungua na kufunga.

Kifaa changu nambari moja ni kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Mfuniko nimeutoboa tundu refu kidogo, na ndani kuna vibanio vya nguo vya mbao. Mtoto anachukua kibanio, anakigeuza huku na huku, kinagoma kuingia, anakigeuza tena, halafu tak! kimedumbukia. Anakutazama kuona kama umesikia. Hapo unatakiwa kushangaa. Vikiisha vyote anavimwaga mapajani kwako na kazi inaanza upya. Kila kibanio nimekifunga uzi mfupi wa rangi, si kwa urembo, bali kwa sababu kimoja au viwili lazima vitaingia chini ya kiti, na uzi ndio utakaouona gizani.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu angalia ukubwa. Kipimo ninachotumia ni lile bomba la karatasi linalobaki roli la karatasi ya chooni likiisha: kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba, kinabaki nyumbani (vibanio virefu vya nguo hupita, kwa hiyo navyo anavichezea mbele ya macho yangu tu). Vitu vyenye betri ndogo za duara usimpe kabisa, maana betri hiyo ikimezwa inaunguza koo. Vitafunwa navyo vina sheria yake: karanga, peremende ngumu na zabibu nzima si vya kutafunwa kwenye chombo kinachoyumba.

Kitu cha pili ni selotepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi. Inabanduka bila kuacha gundi. Nakata vipande, navibandika kwenye meza ya kiti au kwenye kioo cha dirisha, yeye anavibandua. Nikikunja ncha kidogo inakuwa rahisi; akizoea, siikunji. Akimaliza naye anataka kubandika, na mahali anapopapenda ni usoni pangu. Nimeshuka kwenye ndege nikiwa na kipande kwenye paji la uso na hakuna aliyeniambia. Stika nazo ni nzuri, ila zile za karatasi nyembamba hung'ang'ania kioo, na ni wewe utakayebaki ukizikwangua kwa kucha.

Lakini vitu hivi vyote havifai kitu ukivitoa kwa pamoja. Begi lake likae miguuni kwako, limefungwa, na asijue kilichomo. Mwanzoni mwa safari usitoe chochote, kwani watu wanaopita, mizigo, dirisha na vitufe vinatosha. Subiri mpaka aanze kujinyonganyonga. Toa kitu kimoja. Akianza kukirusha, ujue amekimaliza: kirudishe kimyakimya, mwache akae kidogo bila kitu, halafu ndipo utoe kingine. Usiogope huo utupu wa katikati. Baada ya saa mbili kikopo kile kile kitapokelewa kama mgeni.

Mwili nao unadai haki yake. Kabla ya kupanda, mwache akimbie mpaka aone uvivu, usimbebe mgongoni eti apumzike. Kwa gari, simama kila baada ya saa mbili hivi, ashuke, apande ngazi yoyote itakayopatikana. Gari likiwa linatembea hatoki kwenye kiti chake cha mtoto hata akilia namna gani. Simama kwanza, ndipo umtoe.

Sasa simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mimi katika safari ndefu sana huwa silaumu mzazi yeyote, ila naiweka simu akiba kwa theluthi ya mwisho, wakati mbinu zote zimekwisha na mimi mwenyewe nimekwisha. Katuni ziwe zimeshapakuliwa, na hedifoni awe amezizoea nyumbani. Kwenye gari lenye kona nyingi simu haifai, kwa sababu macho yanatazama kitu kilichotulia huku sikio la ndani linasema tunayumba, na ubishi huo ndio unaoleta kichefuchefu, hasa kuanzia umri wa miaka 2 hivi. Huko ni nyimbo tu, na mchezo wa "nani ataona ng'ombe kwanza".

Dawa za kumlazimisha alale, hapana. Zina hatari zake, na wapo watoto zinaowachangamsha badala ya kuwalaza.

Kwenye ndege weka akiba ya kinywaji na mrija kwa ajili ya kushuka, ambako huanza karibu nusu saa kabla ya kutua. Hewa inabadilika, masikio yanaziba, na kumeza ndiko kunakoyazibua. Ukimpa chupa mapema ataimaliza angani na masikio yatamkuta mikono mitupu. Anayenyonya, anyonye wakati huo.

Mkiwa wazazi wawili, gawaneni zamu kwa saa, tena mwenye mapumziko ahamie kiti cha mbali au avae hedifoni, maana zamu ya kukaa wote wawili mkimtazama haimpumzishi mtu. Na mvue mtoto viatu mara tu mkishakaa. Kumpiga teke abiria wa mbele atampiga tu, bora iwe kwa soksi.