Kabla hujaziba upenu, kaa nje jua likizama

Nilipojenga hapa Ipuli, Tabora, popo waliingia darini kabla sijamaliza deni la bati. Fundi alipanda saa sita mchana, akaziba kwa saruji kila upenyo kati ya ukuta na bati. Popo walikuwa ndani, wamelala. Harufu ilipotushinda nikafungua jipsamu, nikakuta mama wamekufa na watoto wamewang'ang'ania kifuani. Bado inaniuma.

Popo hawa wanakula wadudu, maembe yako hawayagusi. Kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba, hivyo kundi likiisha halirudi upesi.

Kama tayari wamo, kaa nje jua likizama uone wanatokea wapi. Huenda ni ufa wa sentimita moja na nusu tu, na ukutani chini yake pana doa la kahawia. Ning'iniza wavu mwepesi mbele ya ufa huo, uufunge juu na pembeni, chini uache wazi. Wakitoka watatambaa kushuka, kisha waruke. Wakirudi wanaifuata harufu ya ufa, wanakuta wavu. Ukikaa siku tano hujaona hata mmoja akitoka, ziba. Usithubutu wakati wana vichanga visivyoruka. Mimi hungoja Juni au Julai. Usimshike popo kwa mkono mtupu, na kinyesi kilowanishe kabla ya kufagia.

Wape kwanza pa kwenda. Langu ni sanduku la mbao isiyopakwa dawa, uwazi wa ndani sentimita 2, mbao nimezikwaruza kwa msumeno wapate pa kushika. Liko mita 4 juu, ukuta wa mashariki, maana jua la alasiri la Oktoba lingewachemsha.

Anayejenga sasa amwambie fundi aweke wavu wa waya juu ya ukuta kabla ya kupiga fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

Jikoni walikuwamo nyuki wadogo, wale wasiouma, kimrija chao cha nta kimechomoza ukutani kama ncha ya kalamu. Jirani yangu, mzee mrina asali, alinikuta nimeshika mwiko. "Mwanangu, ukiwapiga plasta hao, asali yao utaitafuta kwa hela." Nikaacha tundu, nikapiga plasta kulizunguka. Nyuki wakubwa ni habari nyingine: mizinga yao ipeleke porini, mbali na watoto na mbuzi.

Sanduku la popo lilikaa tupu karibu mwaka mzima. Juzi nimeokota chini yake vinyesi vitatu, mfano wa punje za mchele uliokaangwa ukaungua.