Kwa Nini Muhogo Ukitafunwa Sana Huwa Mtamu?

SWALI: Mhariri, nikitafuna kwa muda mrefu muhogo wa kuchemsha usiotiwa sukari, huwa mtamu. Kwa nini? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, ulimi wako haukudanganyi. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huukata wanga, yaani mnyororo mrefu wa glukosi, kuwa vipande vifupi, hasa maltosi, sukari yenye utamu wa kiasi. Tonge likifika tumboni, asidi huizima amilesi hiyo. Lakini kongosho humimina nyingine katika utumbo mwembamba, ambako kimeng'enya kingine kiitwacho maltesi, kilicho kwenye kuta zake, huigawa kila maltosi kuwa glukosi mbili, nazo huingia katika damu. Wanga wa muhogo mbichi hukatwa polepole zaidi, kwa kuwa chembe zake hazijafumuliwa na maji ya moto.