Figo katika maambukizi makali ya virusi: maswali yenu kuhusu vipimo vya damu

Maswali ya safari hii yametoka wodini, maabara na kwa ndugu wa wagonjwa. Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huiondoa kwenye damu, tumeiandika kwa mikromoli kwa lita. Kama maabara yenu inatoa majibu kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4 upate namba zetu.

Tuna mama wa kilo 45 mwenye UVIKO-19 kali. Alilazwa kreatinini ikiwa 52, kesho yake ikawa 84. Maabara imeandika "kawaida", lakini mkojo umepungua. Tuamini kipi? (Muuguzi, Dodoma)

Dada, amini mkojo, kisha fanya hesabu mwenyewe. Kiwango cha kawaida kilichochapwa kwenye fomu ni cha watu wengi kwa pamoja. Hakijui mama huyu alianzia wapi. Kutoka 52 hadi 84 ni mara 1.6, na imepanda kwa 32 ndani ya siku moja. Kwa vigezo vya KDIGO (shirika la kimataifa la miongozo ya figo) vya 2012, figo zimepata jeraha la ghafla kreatinini ikipanda kwa 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au ikifika mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, au mkojo ukiwa chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa kwa muda wa saa 6. Kigezo kimoja kinatosha. Kwa mama wa kilo 45, mkojo chini ya mililita 135 katika saa 6 ni dalili tosha, hata kabla damu haijafika maabara.

Kreatinini huchelewa kwa sababu ni taka ya misuli inayojikusanya taratibu. Uchujaji wa figo ukishuka ghafla hadi nusu, huchukua siku moja hadi mbili kabla namba haijaonyesha ukubwa wa tatizo. Mtu mwenye misuli kidogo (mzee, aliyekonda, aliyelala kitandani wiki nzima) huitengeneza kidogo, kwa hiyo figo zake zinaweza kuharibika huku namba ikibaki ndani ya "kawaida". Ndiyo maana kreatinini ya siku ya kulazwa ni ya thamani kubwa kuliko zote. Ikikosekana, kila namba inayofuata inakosa cha kulinganishwa nacho.

Angalieni na maji. Mgonjwa aliyepewa dripu nyingi damu yake imezimuliwa. Kuna hesabu rahisi: chukua lita alizobaki nazo mwilini (zilizoingia ukitoa zilizotoka), gawanya kwa uzito mara 0.6, jumlisha 1, kisha zidisha na kreatinini. Tuseme mgonjwa wa kilo 60 alianza na 95, na baada ya siku mbili ana 120 huku amebaki na lita 6 za ziada. Sita gawanya kwa 36 ni 0.17, kwa hiyo kreatinini yake halisi ni karibu 140. Bila hesabu hiyo imepanda kwa 25, na mtu angesema bado haijafika 26.5. Kumbe imepanda kwa 45.

Jambo la mwisho: puuzeni ile namba ya kasi ya uchujaji inayochapwa na mashine chini ya kreatinini. Imetengenezwa kwa mtu ambaye kreatinini yake imetulia. Inapopanda kila siku, namba hiyo hudanganya, na dozi za dawa zikipangwa kwayo mgonjwa atazidishiwa.

Tumesikia kuhusu NGAL na sistatini C kwamba hugundua mapema. Hospitali inunue? (Mtaalamu wa maabara, Mombasa)

NGAL ni protini ndogo inayotolewa na mirija ya figo iliyoumizwa, na hupanda ndani ya saa chache badala ya siku. Sifa zake zilivuma mwaka 2005, ilipopimwa kwa watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Lakini watoto wale saa ya jeraha ilijulikana, na wengi hawakuwa na ugonjwa mwingine. Mgonjwa wa virusi mwenye homa kali ni kesi tofauti: NGAL hutolewa pia na neutrofili, yaani chembe nyeupe zilezile zinazofurika kwenye damu wakati wa maambukizi makali, hasa bakteria wakiingia juu ya virusi. Kwa hiyo NGAL ya damu iliyopanda inaweza kuwa inakueleza habari za inflamesheni, yaani mwili mzima unavyopambana na maambukizi, si za figo. Ikiwa ya chini, mara nyingi chini ya nanogramu 150 kwa mililita, hapo ina msaada zaidi: uwezekano wa jeraha kubwa la figo ni mdogo. Ukiweza kuipima kwenye mkojo, mkanganyiko huo hupungua.

Sistatini C hutengenezwa na karibu kila seli ya mwili, kwa hiyo haitegemei misuli sana kama kreatinini. Kwa mgonjwa aliyekonda ni nzuri. Tatizo lake ni steroidi. Tangu 2020, deksamethasoni miligramu 6 kwa siku imekuwa tiba ya UVIKO-19 kwa wanaohitaji oksijeni, na dawa hiyo hupandisha sistatini C bila figo kuguswa. Inflamesheni kali na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huivuruga. Chukua sampuli kabla ya dozi ya kwanza ya steroidi, la sivyo hutajua unasoma nini.

Ushauri wetu ni huu: kama hospitali haiwezi bado kutoa kreatinini, urea na potasiamu kila siku, jibu likirudi ndani ya saa mbili tatu, fedha ziende huko kwanza.

Potasiamu imetoka 7.1 kwa kijana wa dengi anayeongea na kula vizuri. Tufanye nini? (Tabibu, Dar es Salaam)

Mwekeni kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo, ambao potasiamu nyingi huuvuruga) sasa hivi na mchukue damu upya. ECG ikiwa na mabadiliko, tibuni bila kusubiri jibu la pili.

Huku mkisubiri, fuatilieni sampuli ya kwanza ilivyochukuliwa, kwani namba hiyo inaweza kuwa ya uongo. Je, damu ilimiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau kwenda nyingine? Chupa ile ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Tone dogo tu hupandisha potasiamu na kushusha kalisi, kwa hiyo kalisi ya chini ajabu kwenye jibu hilohilo ni ushahidi. Je, mkono ulifungwa zaidi ya dakika moja huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi? Je, seramu ilikuwa nyekundu, yaani chembe zilipasuka? Na je, chupa ilikaa kwenye friji kabla ya kutenganishwa? Wengi huiweka humo kwa nia njema, lakini baridi huzuia pampu za chembe nyekundu na potasiamu huvuja. Sampuli iache igande kwenye joto la kawaida, izungushwe, na seramu itenganishwe ndani ya saa mbili. Damu isichukuliwe kwenye mkono wenye dripu.

Mgonjwa anatumia TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwa pamoja), amelazwa na mafua makali, kreatinini iko juu kidogo. Tusimamishe ARV? (Nesi wa kliniki ya VVU, CTC, Mbeya)

Si kwa sababu hiyo peke yake. Dolutegraviri huzuia mirija ya figo kutoa kreatinini, hivyo namba hupanda kwa takriban 10 hadi 15 katika wiki nne za kwanza kisha hutulia, huku uchujaji ukiwa palepale. Trimethoprimu iliyomo kwenye kotrimoksazoli hufanya vivyo hivyo, na wengi wanatumia zote mbili. Tafuta kreatinini ya zamani kwenye faili lake la kliniki. Ikiwa imekaa hapohapo miezi yote, tulia.

Kinachotutia wasiwasi ni tenofoviri, ambayo huumiza mirija kweli. Pima mkojo kwa kijiti: sukari kwenye mkojo huku sukari ya damu ni ya kawaida, pamoja na protini, ni ishara yake. Hapo, au kreatinini ikiendelea kupanda kila siku, mpigie daktari wa kliniki siku hiyohiyo ili dawa ibadilishwe.

Katika kituo cha Ebola mkojo huchanganyika na choo kwenye ndoo. Tutajuaje figo zinaumia? (Muuguzi, Goma)

Hapo damu ndiyo tegemeo. Mashine ndogo za mezani kama Piccolo Xpress hutumia mililita 0.1 ya damu na kutoa majibu kwa takriban dakika 12, bila sampuli kutoka eneo hatarishi. Pimeni kreatinini, urea, potasiamu na bikaboneti walau mara moja kwa siku. Kwa asiyekojoa au anayetapika mfululizo, rudieni baada ya saa 6 hadi 12. Asiye na nguvu za kwenda chooni awekewe mpira wa mkojo mapema.

Ongezeni CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia. Virusi hivi huvunja misuli, na uchafu wake huziba na kuumiza mirija ya figo. CK ikipita yuniti 5,000 kwa lita, hatari kwa figo inakuwa kubwa. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, ambao kijiti kinasema una damu lakini hadubini haioni chembe nyekundu, unaonyesha jambo hilohilo.

Baba ana dengi na mwili unamuuma sana. Duka la dawa wametupa diklofenaki. (Tanga)

Msimpe, wala ibuprofeni. Hubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo wakati zinaihitaji zaidi, na huongeza hatari ya kutoka damu. Mpeni paracetamol, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mtu mzima. Homa ikishuka msifurahi haraka: siku hizo, kati ya siku ya tatu na ya saba, ndipo maji huvuja kutoka kwenye mishipa. Kama hajakojoa kwa saa 6, au tumbo linauma na anatapika bila kukoma, mpelekeni hospitali.

Nimeruhusiwa, kreatinini imerudi sawa. Nirudi kupima lini? (Nairobi)

Baada ya wiki moja au mbili, kisha miezi mitatu, ukipima kreatinini na protini ya mkojo pamoja na presha. Beba karatasi ya majibu ya wodini ili daktari aone kreatinini yako ilifika wapi.