Maswali ya Wasomaji: Jiwe, Mfupa au Kisukuku?

SWALI: Baada ya dhoruba nimeokota vitu vitatu ufukweni. Kimoja ni cheusi, cha pembetatu, kirefu kama sentimita 4, na kinang'aa sehemu yake kubwa. Cha pili ni kipande cha kahawia, kizito, kama mfupa. Cha tatu ni jiwe lenye umbo la yai kabisa. Nitajuaje kama ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, au nimebeba kokoto tu?

JIBU: Rangi iweke kando kwanza, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Kombe la chaza aliyekufa juzijuzi likifukiwa kwenye tope lisilo na hewa hutoka jeusi ti. Umbo nalo si shahidi wa kuaminika. Mawimbi ni mafundi wa kuchonga. Kausha vitu vyako kivulini siku mbili, kisha tafuta lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 na uangalie muundo, hasa pale palipovunjika.

Hicho cheusi huenda ni jino la papa. Jino lina sehemu mbili zenye mpaka ulio wazi: taji lenye enameli laini inayong'aa, na mzizi uliofifia, wenye vitundu vidogo, ambao mara nyingi umegawanyika pande mbili. Pitisha ukucha ukingoni uone kama una meno ya msumeno; si papa wote wanayo, lakini ukiyakuta yamejipanga sawasawa, shaka inapungua. Kibanzi cha jiwe la gumegume hakina mpaka wa taji na mzizi, na pale kilipovunjika huonyesha mikunjo ya duara kama ndani ya kombe. Jino la papa aliye hai huwa jeupe. Weusi wa hilo lako umetokana na madini ya mashapo (tope na mchanga uliotuama) yaliyolizika, ila hautaji umri wake. Na kabla hujatangaza kwamba umepata jino la megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, tafuta mshipi usiong'aa wenye umbo la V kati ya taji na mzizi. Papa huyo na jamaa zake wa karibu walikuwa nao. Ingawa mshipi huo huweza kumomonyoka.

Kipande cha kahawia kinahitaji uvumilivu zaidi. Kitazame kwa upande uliovunjika. Mfupa una ganda gumu nje, na ndani una vitundu kama sifongo, visivyolingana ukubwa, vilivyotapakaa kila mahali. Jiwe la kawaida ni lilelile kutoka ukingoni hadi katikati. Angalia pia usidanganywe na jiwe la chokaa lililotobolewa na kome: matundu yake ni mapana, ya mviringo, na huishia kwenye kifuko. Ukiona mistari inayokwenda sambamba urefu wote, fikiria mti uliogeuka jiwe. Mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia chuma, nayo yana vitundu, lakini ni mapovu ya gesi yenye kuta za kioo, na mara nyingi sumaku huyavuta.

Ukishathibitisha kuwa ni mfupa, bado hujathibitisha kuwa ni kisukuku. Vitundu vilivyojaa madini, uzito usiolingana na ukubwa hata baada ya kukauka, na mlio mkali kama wa kigae ukiugonga taratibu kwa kijiko: vyote vitatu vikikutana, una hoja. Kimoja peke yake hakitoshi. Na kama unafikiri huenda ni mfupa wa binadamu, usiuchukue. Uache hapo hapo uwaite polisi.

Kuhusu yai, tusikupe matumaini ya bure. Karibu kila "yai" la ufukweni ni kokoto au bonge la mashapo yaliyogandishwa na madini. Yai la kweli lina ganda: tabaka jembamba, tofauti na kilichomo ndani, lenye vitundu vya hewa juu yake. Hata hivyo usilitupe kabla ya kulizungusha. Mabonge hayo wakati mwingine hujijenga kumzunguka kiumbe, na kidokezo huwa mstari wenye mbavu-mbavu unaochungulia ukingoni. Ukiuona, usishike nyundo. Mpelekee mwenye vifaa.

SWALI: Nimesikia kwamba siki, sindano ya moto na hata ulimi hutambua kisukuku. Nitumie kipi?

JIBU: Siki usiitumie. Hutoa povu kwenye chokaa yoyote, ya leo au ya kale, kwa hiyo haikuambii lolote, na huku inakula ulichokiokota. Ulimi hunata kwenye mfupa wa kale, ni kweli, lakini hunata vilevile kwenye kigae na udongo mkavu. Sindano ya moto ina maana kidogo: harufu ya nywele zilizoungua inaonyesha kolajeni, protini ya mfupa, bado imo, basi mfupa si wa kale sana. Kukosa harufu si ushahidi, kwani mfupa uliopikwa au kuchomwa huweza kuipoteza.

SWALI: Amonaiti wangu, kisukuku cha kiumbe wa bahari mwenye kombe lililojiviringisha, alikuwa aking'aa kama shaba. Sasa anatoa unga mweupe wenye njano na harufu kali, na kikasha kimeanza kuliwa.

JIBU: Ni ugonjwa wa pairiti. Madini hayo ya chuma na salfa yakikutana na unyevu na hewa huoza na kutoa asidi ya salfuriki, na hiyo ndiyo inayokula kikasha. Mtenge na wengine leo hii. Vaa glavu, piga mswaki laini mkavu kuondoa unga, usimwoshe kwa maji. Mweke kwenye chombo cha plastiki kinachofungwa kabisa pamoja na silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), ukibadilisha jeli kila inapogeuka rangi. Vanishi haimponyi, kwa sababu unyevu umeshaingia. Kilichokwisha kugeuka unga hakirudi.

Hapa ndipo wengi hukosea: huloweka kila kitu. Ni kweli kwamba mfupa, jino au kombe la kale lililotoka baharini linahitaji kulowekwa kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi kwa wiki moja, maji yakibadilishwa kila siku, halafu likauke polepole kivulini. Bila hivyo chumvi huganda ndani na kubandua uso kama magamba. Pairiti na mawe laini ya tope ni kinyume chake: maji huyamaliza.

SWALI: Kipande cha njano, chepesi, kimepatikana ufukweni. Ni kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale ulioganda?

JIBU: Koroga gramu 200 za chumvi kwenye lita 1 ya maji. Kaharabu huelea; kioo na jiwe huzama. Plastiki nyingi huelea pia, kwa hiyo jaribio hili linaondoa tu wasiokuwemo. Kama ni ufuo wa Bahari ya Baltic, kaskazini mwa Ulaya, hasa kisiwa cha Usedom nchini Ujerumani, usitie kipande cha namna hiyo mfukoni: fosforasi nyeupe ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili hufanana nacho, na huwaka ikikauka na kupata joto la mwili. Tumia kopo la bati lenye kifuniko, ulishike mbali na nguo.